Mlinzi wa Bwawa Aliyekwenda Kikazi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na kamati nyingi kuliko maji, lilibaki bwawa moja tu. Ukingoni mwake, kwenye matete, Bi Buibui alikuwa ametundika kifuko cha mayai yake. Kila Kiboko na Nyati walipokuja kunywa, matete yalilala, kwacha! kwacha! Kilibaki kichaka kimoja, chenye kifuko.

Bi Buibui akalia, asisikike. Basi akaenda kikaoni.

"Waheshimiwa, bwawa halina mlinzi. Na awe yule ambaye maji yenyewe yatambeba."

"Naunga mkono!" akasema Katibu Fisi, ambaye huunga mkono kila hoja ili kikao kiishe, watu wakale.

Nyati akajitosa. Chubwi! Zikabaki pembe. Kiboko akajitosa. Chubwiii! Yakabaki matundu ya pua.

"Hata mimi mwenyeji?" akafoka.

"Mwenyeji huvumiliwa, mzee wangu, habebwi." Na Bi Buibui akapita juu ya maji, ti ti ti, hata hakulowa.

"Lahaula! Maji yanamheshimu!" wakasema wanyama, wakampa ulinzi.

Wala hayakumheshimu. Kila chembe ya maji ina upande unaovuta na upande unaovutwa, basi hushikana kama watoto mchezoni. Zile za juu, kwa kukosa jirani juu yao, huzing'ang'ania za pembeni, zikafanya kama ngozi. Bi Buibui alikuwa mwepesi, na miguu yake yenye mafuta, maji hayakuwa na pa kuishika.

Akatoa amri: matete yasikanyagwe. Kiboko akanuna, akatii.

Siku ya kumwapisha, Kamati ikaagiza kila mmoja aje na nguo safi. Wote wakafulia palepale ukingoni, povu likatiririka bwawani. Bi Buibui akaliona. Sabuni mkono mmoja hupenda maji, mwingine hupenda mafuta. Hujipenyeza katikati ya chembe zilizoshikana, ile ngozi ikalegea.

"Tembea basi, Mheshimiwa!" Kiboko akacheka. "Au leo maji yamekukana?"

Bi Buibui akisema ni sabuni, watajua haikuwa heshima, na matete hayataliona jua la kesho. Akakitazama kifuko. Kilikuwa kinatikisika.

"Leo nashuka kukagua chini," akasema. "Hadi nirudi, amri yangu ibaki."

"Utarudi lini, mama?" Fisi akauliza.

"Kazi ikiisha."

Akaweka mguu. Maji yakafunguka kama mlango. Chwi. Basi.

Fisi akakohoa, akatangaza: "Mlinzi yuko safarini kikazi." Na kwa kuwa hakuna kamati iliyothubutu kutengua amri ya aliye safarini kikazi, matete yalisimama.

Mvua ikaja, ikaliosha povu. Kifuko kikapasuka, watoto wakamwagika juu ya maji, ti ti ti ti.

"Mjomba, mama yuko wapi?"

"Kikazi," akajibu Fisi, naye aliamini.

Mnyonge humfunga mwenye nguvu kwa akili, lakini fundo la mwisho mara nyingine hulikaza kwa roho yake.