Siwa ya Sultani Madi

Mpo? Haya, nisikilizeni. Sultani Madi alikuwa na mji mmoja, na jini aliyeishi ndani ya siwa, ile baragumu ya enzi. Jini akamwambia, "Kila ukinipuliza nakupa mji, nami nakula kitu kimoja moyoni mwako."

Akapuliza mara ya kwanza, akapata mji; jini akala hofu. Madi hakuona hasara. Akapuliza mara ya pili, jini akala furaha. Sherehe ya ushindi ikafanyika kwa mujibu wa ratiba.

Ukabaki mji wa dada yake, Mwanashee, wenye visima viwili na bustani ya komamanga. Mwanashee akamwandikia: "Kaka, mimi mji wangu mdogo unanitosha. Wewe mitatu haikushibishi? Njoo tule komamanga."

Madi alisoma barua, akaikunja vizuri, akapuliza. Jini akala upendo.

Mwanashee akaja kwa miguu, vumbi hadi magotini. "Haya kaka, umeshinda. Nipe basi mahali pa kulala."

Madi alimtazama kama atazamaye ukuta. Akamgeukia waziri. "Mwanamke huyu ana kibali?"

"Ni dada yako, Maulana."

"Sikuuliza hilo."

Ngano yangu imekomea hapo, jamaa: Mwanashee yuko barazani, komamanga moja mkononi, anangoja mhuri.