Binti Radhia na Jini wa Mshono wa Ardhi

Alitawala hapo kale, katika nchi ya mabonde na milima ya mawe mekundu, Sultani mwenye haiba na ukarimu aliyeitwa Jamalidini bin Ghalibu, na mji wa enzi yake uliitwa Sakina. Jina hilo haukupewa bure, kwani nchi zote jirani zilitikiswa na zilizala, minara ikaanguka na visima vikafukiwa, lakini Sakina, tangu zama za babu yake Sultani, haukutikisika hata maji ya kikombe yakachezacheza. Kwa sababu hiyo watu wake walijenga majumba ya mawe juu kwa juu, na wakajiona wateule. Siri ya utulivu huo ilikuwa pete ya shaba ambayo kwayo babu huyo alimfunga jini anayekaa chini ya bonde, akamwamuru asijongee, na pete ikarithiwa kutoka kidole hadi kidole.

Sultani alikuwa na mtoto mmoja tu, Binti Radhia, mwenye akili pevu na moyo usioyumba. Asubuhi moja alipokuwa akitembea bustanini aliona ukuta, uliojengwa ukiwa umenyooka, umejipinda kama upinde, na alipotia mkono birikani akayakuta maji yana moto na yananuka kiberiti. Akaenda barazani kumweleza baba yake.

Waziri Mkuu akasema, "Maulana, jini amelegea. Mwamrishe upya kwa pete, na ukuta utajengwa mwingine."

Siku hizo alikuwapo barazani mgeni, Faraji, mwana wa mfalme wa nchi ya Uwandani, aliyekuja kumposa Radhia, na makabaila walikuwa wakimcheka chinichini, maana nchini kwake hata kasri ni la miti na makuti. Faraji akasema kwa utulivu, "Kwetu ardhi ikitikisika tunatoka nje, tunangoja ipite, kisha tunarudi kumalizia chakula. Ninachokiogopa mimi ni ardhi iliyonyamaza muda mrefu."

Maneno hayo yalimkaa Radhia moyoni. Akapiga magoti mbele ya baba yake, akasema, "Baba, tangu babu yako hakuna aliyemuuliza jini huyu lolote. Nipe pete nishuke nikamuulize."

Sultani akakataa, na Radhia hakuinuka, na Sultani akakataa tena, na Radhia akabaki palepale, mpaka baba mtu akaivua pete akamvisha mwenyewe.

Chini ya kasri kulikuwa na pango, na Radhia akalishuka huku joto likizidi na mawe yakilia kama mbao za chombo kilichozidiwa na shehena. Akafika kwenye ukumbi mkubwa kuliko msikiti wa Ijumaa, na humo akamwona jini, bega moja limebana mwamba wa mashariki na bega la pili limebana mwamba wa magharibi, na mgongo wake umepinda, na jasho likimtoka na kugeuka mvuke kabla halijadondoka.

"Amani iwe juu yako," alisema Radhia. "Mimi ni kitukuu wa aliyekufunga. Nieleze unabeba nini."

Jini akafumbua macho. "Sitti, umeuliza kwa adabu, nami nitajibu kwa kweli. Ardhi mnayoikanyaga si jiwe moja. Ni mabamba mengi, mithili ya ukoko uliokatika juu ya sufuria ya uji, na chini yake mwamba wa moto unatokota polepole. Ulio moto unapanda, uliopoa unazama, na mwendo huo unayachukua mabamba. Yanapogongana, milima inainuka. Yanapoachana, bonde linazama na moto unatoka. Na yanapopitana ubavu kwa ubavu, kama haya mawili kwenye mshono huu, yanakwaruzana na nchi inatetemeka. Kazi yangu ilikuwa kuyalegeza kidogo kidogo, mwendo wa ukucha unaoota. Babu yenu akaniamuru nisijongee."

"Na nguvu hiyo ikasimama?"

"Nguvu haikusimama, Sitti. Niliyesimama ni mimi. Zilizala zote ambazo hamkuziona nimezikusanya hapa mabegani. Ukiniamuru niendelee, nitaendelea hadi nife, na siku hiyo zitashuka zote kwa pamoja, nanyi mmelala. Ukiniachia sasa, zitashuka vilevile."

Radhia akasogea karibu yake. Akauliza, "Unaweza kunivumilia mpaka mtu wa mwisho atoke mjini?"

Jini akaguna, na vumbi likaanguka kutoka darini. "Kwa aliyeniuliza, naweza."

Aliporudi barazani akaeleza yote, na Waziri Mkuu akasema ni hila ya jini, akazwe upya kwa pete. Sultani naye akasema kwa uchungu, "Hapa wamezikwa wazee wangu. Nitauachaje mji huu?"

"Baba," alisema Radhia, "ukoo wetu haukuiondoa zilizala. Tumeiweka akiba, na mrithi wake ni mimi, na baada yangu ni wajukuu zako. Mimi sitaki kuwarithisha."

Sultani akamgeukia Faraji. "Mwanangu, katika nyumba ya makuti mtu hupataje usingizi?"

"Mzuri sana, Maulana," akajibu Faraji. "Na malisho yetu ni mapana. Leteni watu wote."

Ikapigwa mbiu, na watu wakatoka na mifugo na wagonjwa na vitanda, wengine wakilaani, na Faraji mwenyewe akabeba vikongwe mgongoni, na Waziri Mkuu, alipoona hata paka wa jikoni wamehama, akafuata. Sultani akawa wa mwisho kupita langoni, na hakugeuka nyuma.

Ndipo Radhia akasimama juu ya kilima, akaivua pete, akasema kwa sauti kuu, "Ewe mlinzi wa mshono, umefunguliwa. Rudia kazi yako," akaitupa, ikaanguka genge kwa genge hadi bondeni.

Ardhi ikanguruma, ikajikunja kama mkeka, majumba ya mawe yakaporomoka kama sukari majini, upande mmoja wa bonde ukazama na mwingine ukainuka, na vumbi likalifunika jua. Watu wakashikana mikono wakisoma dua. Vumbi lilipotulia hapakuwa na Sakina, lakini hapakuwa na maiti hata mmoja, na katika ubavu wa mlima uliopasuka mishipa ya shaba na yakuti ilikuwa imejitokeza nje, iking'aa, na chemchemi za moto zikibubujika miguuni pake.

Radhia akaolewa na Faraji kwa karamu iliyokusanya raia wa nchi mbili, na shaba ile ikawatajirisha wote, na mji mpya ukajengwa wa nyumba nyepesi, na Sultani Jamalidini akaishi humo mpaka uzee wake, akiwachezesha wajukuu magotini.

Basi msikilizaji, lililo na nguvu kuliko wewe usilifunge ukajidai umelishinda. Ijue njia yake, ulipishe, nalo litakuachia uhai na huenda likakuachia na yakuti.