Boga la Kilo Tatu

Alikuwapo dereva mmoja wa bodaboda, Sengasu, mwembamba kama spoku, mpole wa sura, lakini ulimi wake haukuwa na breki. Siku moja Bwana Mzirai, mwenye duka pekee la pikipiki na spea pale milimani, alifika kijiweni na pikipiki mpya.

"Kiwandani wameipunguza uzito kwa kilo tatu," alitangaza. "Kila mmoja alete pikipiki yake ya zamani na ndama wa nyongeza, aondoke na hii. Asiyetaka, spea akatafute kwingine."

Madereva wakainamisha vichwa. Sengasu akasimama.

"Bosi, ndama wangu atakuwa wa kwanza, nikizisikia hizo kilo tatu mlimani. Nisipozisikia, spea utatuuzia kama zamani?"

"Nimekubali, mbele ya wote. Washa!"

Sengasu akapanda, akawasha, kisha akazima, akaonyesha boga lililofungwa kwenye pikipiki yake ya zamani.

"Lo! Mama kaniagiza nimpelekee dada boga hili, nalo lina kilo tatu. Bora niliache, nisije nikaitesa pikipiki yako."

Bwana Mzirai akacheka kwa dharau. "Kuitesa? Kwa boga? Lifunge hapo nyuma!"

"Mlima ni mkali, bosi."

"Hata ungekuwa ukuta! Hii ni mashine, bwana. Kilo tatu haizisikii hata kidogo!"

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo!"

Sengasu akashuka, akamrudishia ufunguo.

"Basi, bosi, kama haisikii boga likipakiwa, itasikiaje likishushwa kule kiwandani?"