Tonge la Mgeni Gulioni

Wapendwa, alikuwepo msafiri mmoja aliyependa kula kuliko kitu kingine chochote. Msicheke, wa aina hiyo wamo humu ndani. Kila mwaka, masika yakiisha na baridi ya mavuno ikianza, alipanda milimani akazunguka magulioni, kijiji hadi kijiji, kwa siku zao za soko. Huku anakula boga la kuchemsha, kule mahindi mabichi ya kuchoma, kwingine magimbi na chai ya tangawizi.

Mwaka mmoja alifika gulio la kijiji cha juu kabisa, kashiba ndi kutoka gulio la chini. Akashangaa. Vyungu vimepangwa, mvuke unapaa, maharage mapya yananukia, na watu wamejaa. Lakini hakuna anayekula. Hata mtoto aliyelamba kidole hakumwona. Wote wakamgeukia yeye.

"Hawa wameona mfuko wangu," akawaza, akakaza mwendo.

Bibi mmoja akamfuata, kashika sahani kwa mikono miwili. "Karibu mwanangu, ule."

"Ahsante mama, nimeshiba. Labda nikirudi."

"Onja tu. Tonge moja."

"Nimesema nimeshiba, mama. Wauzie wengine."

 Bibi akabaki amemnyooshea sahani, na watu nyuma yake wakainamisha vichwa. Hapo msafiri akajua kuna jambo halielewi. Akauliza, "Kwani kuna nini hapa?"

"Mwaka jana mvua ilitunyima," bibi akasema. "Tulikula mboga za porini, na wengine tuliwazika. Mwaka huu Mungu ametukumbuka, mvua ikanyesha. Na desturi yetu sisi, mavuno mapya hayaliwi na mwenye shamba mpaka mgeni aonje, maana mgeni ameletwa na yule aliyetupa. Sasa mvua hiyo hiyo imekata njia ya magari. Tangu alfajiri hajapanda mtu huku, ila wewe."

Tangu alfajiri, wapendwa, na jua lilikuwa limeshapita utosini. Mnawaona? Mwaka mzima wa njaa, chakula kiko mbele yao, na wanangoja.

 Msafiri alipiga magoti palepale chini, akapokea sahani, akatia tonge mdomoni, na machozi yakamtoka kabla hajameza. Alipomeza, kijiji kizima kilishusha pumzi, na mikono ikaingia vyunguni. Alikuwa amekula magulioni miaka yote hiyo, na siku ile ndipo alipoogopa chakula, kwa vile alivyoona kimetoka kwa nani.

Sasa tuje kwetu. Sisi mgeni akibisha hodi, tunafanyaje? Si tunafunika sufuria na kusema, "Ungewahi kidogo, ndiyo kwanza tumemaliza"? Na Mungu tunampelekea nini, kama si ukoko uliobaki chini? Wale wenye njaa waliweza kumngoja Mungu atangulie. Sisi tulioshiba, hata sala ya chakula tunaiona ndefu.

Leo mkirudi nyumbani mtakuta chakula kiko tayari. Najua, harufu yake mnaisikia tangu hapa. Nakuomba kitu kimoja tu: kabla hujafunua chungu, toka kwanza nje, utazame njiani.