Majivu ya Kukandikia Chumba cha Mtoto

Ngano, ngano.

— Iache ije.

Ije na utamu?

— Ije nao.

Hii utamu wake unaumiza tumbo.

— Ije hivyohivyo, tumeshakaa.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kutembeleana, kulikuwa na shughuli kwa Mama Pimbi. Siku hiyo walikuwapo Mama Pimbi mwenyewe. Mwanawe Tunu, aliyekuwa ametimiza siku arobaini. Kanga, jirani yake wa mlango wa pili. Bibi Kobe, aliyeondoka kwake tangu juzi ili asichelewe. Na Fisi, msimamizi wa tanuru la Kiboko, aliyekuja na gunia begani.

Desturi ya bondeni ilikuwa hivi. Mtoto akitimiza arobaini, majirani huja kukandika upya chumba chake. Huyu huleta maji, yule huleta udongo, na asiye na kitu huleta mikono yake.

Kiboko hakukaa bondeni. Alikaa mlimani, upande unaotoka upepo. Chini ya nyumba yake alikuwa na tanuru la kuyeyusha mawe meusi, apate vikuku vya kuwauzia wakubwa. Waliolichochea ni waume wa bondeni, mume wa Mama Pimbi akiwamo. Vikuku vilikwenda kwa wakubwa. Moshi ulishuka bondeni. Majivu nayo aliwagawia wa bondeni bure, na wa bondeni walimsifu kwa hilo.

"Bwana Kiboko anawasalimu," alisema Fisi, akatua gunia. "Changanyeni haya na udongo. Ukuta utakuwa laini kama yai."

Wakashukuru. Kanga alikanyaga udongo mpaka miguu ikamvimba. Bibi Kobe alilainisha ukuta taratibu, akirudia palipobaki mikwaruzo, maana alisema mtoto asije akajichuna. Jioni chumba kiling'aa. Mama Pimbi alilia, kwa kuwa hakuwahi kutendewa jambo zuri namna ile.

Tunu akakua, akatambaa, akasimama. Aliposimama, alilamba ukuta. Majivu yale yalikuwa matamu. Watoto wote wa bondeni walilamba kuta zao, na mama zao walicheka.

"Wangu ataimaliza nyumba," Kanga alisema.

"Wangu kaanzia mlangoni," Mama Pimbi akajibu.

Kisha kicheko kikaisha. Tunu akaanza kushika tumbo. Akawa hali, halali. Neno alilolijua jana, leo halijui. Alikuwa akisema "maji", sasa ananyoosha kidole tu. Vifaranga vya Kanga navyo vikawa hivyohivyo.

Mama Pimbi akambeba Tunu mgongoni, akapanda mlima. Fisi alikuwa langoni.

"Shemeji, watoto wa bondeni wanaumwa," alisema Mama Pimbi. "Tunaomba mtazame hayo majivu."

"Waogesheni," Fisi alisema. "Nyie uchafu ndio unawamaliza, halafu mnasingizia majivu ya watu."

Mama Pimbi akarudi. Akamwogesha Tunu asubuhi, mchana na jioni. Tunu akawa safi, na tumbo likauma vilevile.

Akapanda mara ya pili. Safari hii Kiboko alitoka mwenyewe.

"Hiyo ni minyoo, mama," alisema kwa upole. "Mpe mizizi michungu. Na nikupe pole: Fisi, mpe gunia jingine. Halafu, mama, mumeo si anachochea tanuru langu? Basi tusiharibiane."

Mama Pimbi akarudi na gunia. Tunu akanywa mizizi, akatapika, akalala. Bibi Kobe alikaa naye kutwa nzima, akimpepea kwa jani.

Ndipo Kanga, aliyekuwa akifagia uwanja wa Kiboko, akaleta habari. "Mwenzangu, mke wa Kiboko alijifungua mwezi uliopita. Arobaini ni keshokutwa. Na nimechungulia chumba cha mtoto. Kule wanakandika kwa udongo mweupe wa mtoni. Majivu hamna hata chembe."

Mama Pimbi akaligeukia lile gunia la pili. Kisha akasema, "Basi na sisi twende tukakandike. Si ndiyo desturi?"

Akapanda mara ya tatu, na chungu kichwani kilichojaa majivu. Kanga akabeba maji. Bibi Kobe alikuwa ameshatangulia tangu jana yake. Wakawakuta wakubwa wote wamekaa, vikuku miguuni.

"Tumekuja kumkandikia mtoto," alisema Mama Pimbi. "Na sisi tulikandikiwa."

Mke wa Kiboko akatabasamu, akasogea. Alipoona kilichomo chunguni, akamfunika mwanawe uso kwa mikono miwili.

"Kitoeni hicho," alisema. "Kitoeni nje, mtoto asivute."

Kiboko akasimama. "Nani kakuruhusu kuleta sumu kwenye nyumba yangu?"

Fisi akatazama chini.

"Bwana," alisema Mama Pimbi, "wewe ulituambia ni zawadi."

Mama Pimbi akatia kidole chunguni, akakilamba mbele yao.

"Haya ni ya jikoni kwangu," alisema, "ya kuni za kupikia ugali. Yale yako niliyatia chunguni nikiwa nyumbani. Nikafika mlangoni kwangu, nikayamwaga, nikajaza haya. Mtoto wa siku arobaini, mkono wangu ulikataa."

Mke wa Kiboko akaanza kulia, lakini mikono yake hakuiondoa usoni kwa mwanawe.

Baada ya hapo Kiboko hakuweza tena kusema ni uchafu, wala minyoo, kwa sababu wakubwa wote walimsikia kwa masikio yao. Walimtaka tanuru liondoke. Hawakusema ni kwa ajili ya Tunu. Walisema upepo nao hugeuka. Tanuru likaondoka. Wa bondeni wakabandua kuta zao, wakafukia udongo ule mbali, na Bibi Kobe akakandika upya chumba cha Tunu peke yake, siku tatu.

Tumbo la Tunu likapoa. Maneno hayakurudi yote. Wenzake wa mlimani walipokuwa wakihesabu nyota, yeye alifika tatu, akaanza upya, na mama yake akaanza upya pamoja naye.

Ngano hii inatufundisha kwamba mtu akikupa bure kitu asichoweza kumwekea mwanawe, usimshukuru, muulize. Na wewe unayetoa, mtoto wa jirani ana tumbo kama la mwanao.

Ngano yangu naitua hapa, mzigo umenichosha. Anayeweza aibebe.

— Tumeipokea. Na tanuru lilikwenda wapi?

Lilikwenda bonde la pili, kwa Nungunungu. Mwaka uleule wa huko walipelekewa majivu ya kukandikia, bure.