Kisanduku Chenye Mdomo

Kijana mmoja alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea ubunifu wa vifaa vya nyumbani. Wenzake walimwita Mbunifu, kwa heshima kidogo na kwa utani zaidi, maana kila alichokiona alitaka kukirekebisha. Alikuwa amebuni pasi inayojizima ikisahaulika juu ya nguo, feni isiyonguruma, na taa ya mezani inayokunjwa ikawa nyembamba kama kitabu. Michoro yake ilijaa ukuta mzima wa chumba chake, na chumba cha pili cha nyumba hiyo kilikuwa cha bibi yake mzaa mama.

Bibi alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, na mbele yake palikuwa na benchi ambapo wateja walisubiri zamu ya kupimwa. Jicho lake lilikuwa kali, mkono wake imara. Hata hivyo alikuwa na kisukari, na vidonge vya mchana vilimponyoka akilini mara kwa mara. Akishazama katika kazi, hata njaa haikumzindua.

Mbunifu akamtengenezea kisanduku cha dawa, cheupe kama yai, kilichoenea kiganjani. Wakati ukifika kilitamka kwa sauti nyororo ya mwanamke: "Wakati wa dawa ya kisukari umefika. Tafadhali meza dawa yako." Kisha kilirudia na kurudia mpaka mtu akifungue kifuniko. Kitufe cha kukinyamazisha hakukiweka, tena kwa makusudi.

"Mgonjwa ukimpa nafasi ya kukinyamazisha, atakinyamazisha," alimweleza mwalimu wake.

Mwalimu alikubaliana naye. Alikichagua kisanduku hicho kitangulie katika maonyesho ya chuo, ambako kiwanda kimoja cha vifaa vya nyumbani kingetafuta wazo la kununua na kijana wa kuajiri.

Bibi alikipapasa, akakigeuzageuza. "Kizuri, mjukuu wangu. Mikono umerithi kwa babu yako."

"Utakitumia?"

"Nisipokitumia nitakuwa sina shukrani."

Asubuhi na jioni kisanduku kilisema, na bibi akameza. Ya mchana Mbunifu hakuyajua, kwa kuwa alikuwa chuoni.

Mchana mmoja mwenye shule ya chekechea alikuja kuagiza sare za watoto. Mapatano yalikuwa yamefika pazuri kisanduku kilipopaza sauti kutoka rafuni. Mgeni akamtazama bibi machoni.

"Pole, mama. Sukari hiyo haijaanza kukugusa macho?"

"Uzi natunga mwenyewe," bibi alijibu.

Mgeni alitabasamu, akasema angekwenda kufikiri. Hakurudi. Baada yake alikuja mteja wa miaka mingi, akaomba kurudishiwa kitambaa chake kabla hakijakatwa. Maneno hayana miguu, lakini hutembea. Tangu hapo, kila Mbunifu alipofunga mlango asubuhi, bibi alikichukua kisanduku na kukifukia chini ya kapu la vipande vya nguo. Mchana kilinung'unika humo kama mtu aliyezibwa mdomo, naye akazidisha kukanyaga cherehani ili kisisikike kitu kingine zaidi ya cherehani. Kidonge kikabaki ndani, na jioni, kabla mjukuu hajarudi, alikifungua kisanduku kikanyamaza, akakirudisha rafuni.

Jirani aliyekuja kuazima mkasi ndiye aliyemkuta ameangukia kazi yake, shavu juu ya gauni la mtu. Hospitalini walisema sukari imepanda mno, na kwamba kama angechelewa kuletwa, wangekuwa wanasema mengine.

Alipoweza kuzungumza, mjukuu wake alikuwa kando ya kitanda. Jirani alikuwa ameshamwambia kisanduku kilikokutwa.

"Bibi, kwa nini ulikificha?"

"Kifaa chako ni kizuri. Tatizo lake kina mdomo."

"Ugonjwa si aibu, Bibi."

"Sijasema ni aibu. Nimesema ni wangu."

Jibu hilo halikumwingia Mbunifu. Aliona ni ukaidi wa uzee tu. Siku hizo yeye mwenyewe alikuwa akitumia vidonge vya fangasi, ambavyo daktari alimwagiza asiruke hata siku moja. "Nitakitumia mimi," alisema, "ili uone kwamba hakina neno." Bibi aligeukia ukutani, akasema, "Haya."

Mbunifu alibadilisha maneno ya kisanduku, akatia vidonge vyake, akakiweka mkobani. Siku chache zikapita, na kila mchana kilimkuta peke yake. Alijiona mshindi.

Kisha watu wa kiwanda wakaja chuoni kutazama kazi kabla ya maonyesho. Zamu yake ilipofika alisimama mbele ya darasa na kueleza pasi yake, maneno yakimtiririka kama maji. Mmoja wa wageni, mwanamke mwenye miwani, aliomba kuishika. Aliipima uzito, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Hapo hapo mkoba ukasema:

"Wakati wa dawa ya fangasi umefika. Tafadhali meza dawa yako."

Yule mgeni aliirudisha pasi mezani taratibu, akajifuta kiganja kwenye sketi yake, pengine bila mwenyewe kujijua. Mkoba ulirudia. Mtu alicheka nyuma, kicheko kikaenea kama moto kwenye nyasi kavu. Kufungua kifuniko mbele ya watu kulimaanisha kukubali kwamba mwenye dawa ni yeye, naye hakuthubutu. Alivua koti, akalitupa juu ya mkoba, akaendelea kuieleza feni kwa sauti asiyoitambua kuwa ni yake.

Dawa hakuimeza siku ile. Kesho yake alikiacha kisanduku nyumbani, na dawa akairuka tena. Alikuwa kwenye ngazi za chuo, akiteremka, alipogundua alichokifanya. Alisimama hapo hapo, wenzake wakampita huku na huku.

Jioni alikwenda kwa bibi, aliyekuwa amesharuhusiwa kurudi nyumbani. Akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza tangu ashike penseli.

"Bibi, wewe ungependa kikukumbushe vipi?"

Bibi alifikiri. "Kama ndugu anavyokugusa mkiwa mbele ya wageni. Yeye anajua, wewe unajua, yameisha."

Mbunifu akaanza upya. Alitengeneza kifaa bapa cha kukaa mfukoni, kisichotamka neno, kinachotetemeka kidogo tu mpaka kifunguliwe. Mwalimu hakufurahi.

"Watu walicheka, ndiyo, lakini kile kinachosema ndicho wageni wa kiwanda wanachokikumbuka. Ukikiondoa, kazi ya kiwandani utaisahau."

"Nimeshakiondoa, mwalimu."

Ikawa kama alivyoambiwa. Siku ya maonyesho watu wa kiwanda walimchukua mwenzake aliyebuni jiko dogo la safari, na mezani kwa Mbunifu wengi walipita bila kusimama, kwani kitu kisichosema hakiiti watazamaji. Mzee mmoja tu alikitia kifaa mfukoni mwa shati, akasubiri, kikamtetemekea. Akatazama kushoto na kulia, kisha akauliza kwa sauti ya chini kinapatikana wapi.

Wiki hiyo Mbunifu alishinda nyumbani mchana mmoja. Benchi lilikuwa limejaa, na bibi alikuwa akimpima mteja mabega huku akimtania kwamba ameongezeka. Ghafla alitulia kidogo, akagusa mfuko wake, akaiacha futi ya kupimia shingoni mwa mteja, akasema anakwenda kunywa maji. Alirudi akifuta midomo, akaendelea pale pale alipoishia. Hakuna aliyeuliza kitu. Mjukuu wake alikuwa mlangoni; kifaa chake cha pili kikatetemeka mfukoni mwake, akatia mkono, naye akaenda kunywa maji.

Hakika, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.