Sultani Aliyelifukuza Neno "Kama"

Hapo zamani, enzi za mababu wa babu zetu, mji wa Pwekeni ulitawaliwa na Sultani Hamdani, mtu aliyependa kusifiwa kuliko alivyopenda kula. Siku moja malenga wake, Zaharani, alimwimbia barazani, "Ewe bwana wangu, wewe ni kama jua." Watu wakashangilia, lakini Sultani akanuna.

"Kama? Kwani nguo iliyo kama hariri ni hariri? Wanipunja, malenga!"

Malenga akapiga magoti. "Niwie radhi, bwana wangu. Wewe ndiwe jua lenyewe."

Sultani akafurahi mno, na papo hapo akaamuru ipigwe mbiu: Sultani ndiye jua, na atakayemsifu kwa neno "kama" atahamishwa mji. Ikawa mpiga zumari mmoja aliteleza ulimi, akafukuzwa yeye na zumari yake.

Basi palikuwa na mwanamke fukara, Mize binti Makame, aliyeishi kwa kufua nguo za watu. Walimwita punguani, kwa kuwa kila aambiwalo hulishika vilevile lilivyosemwa. Masika yalipokaza, mjumbe akamletea joho la Sultani la Idi pamoja na kilemba chake.

"Kesho asubuhi liwe safi na kavu. Likikutwa na unyevu, utahama mji."

Mize akalia, maana mvua ilikuwa haikatiki na kuni zake zote zimelowa. Kisha akajifuta machozi, akafua. Asubuhi akajifunika jamvi kichwani, akaenda barazani, wakuu wote wamekaa. Akalitandaza joho, limelowa chapachapa, magotini pa Sultani, mikono ya joho akaitupia mabegani pake, na kilemba akakitungika sikioni.

Maji yakamchuruzika Sultani hadi nyayoni. Askari wakashika majambia.

"Una wazimu, mwanamke?" akafoka Sultani.

"Sina, bwana wangu. Joho lataka jua, na lile la mbinguni halijaonekana tangu mwezi uandame. Nami nilisikia mbiu kwamba jua ni wewe. Tafadhali usitikisike, nitarudi kuligeuza."

Sultani akamgeukia malenga.

"Zaharani, joho linakauka?"

Malenga akalitazama joho. Akisema ndiyo, maji yangali yakidondoka. Akisema la, amelikana jua.

"Bwana wangu… li njiani kukauka."

Sultani akapiga chafya, akapiga na nyingine. "Liondoe, mwanamke! Nitashikwa na mafua!"

"Kumbe jua nalo hushikwa na mafua?" akauliza Mize kwa unyenyekevu.

Hapo Sultani akaangua kicheko hata machozi yakamtoka. Akaamuru "kama" irudishwe, na mpiga zumari akafuatwe huko aliko. Mize akapewa chumba nyuma ya jiko la jumba, chenye moto usiozimika, awe akikaushia nguo masika yote. Malenga naye akaamriwa kulikamua joho.

"Kaza mikono, malenga," Mize akamwambia. "Nguo haikamuliwi kwa maneno."

Sultani akaenda kuswali Idi na joho kuukuu, pua ikimtiririka, akicheka peke yake njia nzima.